Usinunue Upatanisho: Lililolipwa Msalabani na Unalodaiwa Kikundini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimepokea ujumbe ulionichoma moyo. Namjibu aliyeuandika hapa hapa, bila kutaja alipo, kwa sababu wenye mzigo kama wake ni wengi na karibu wote wananyamaza. Ni ndugu aliye mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Alichukua fedha za mfuko wa jamii kidogo kidogo mpaka zikafika Sh 640,000, huku akirekebisha daftari ili hesabu zikubaliane na kilichomo sandukuni. Baadaye akaokoka. Dhamiri ilipoanza kumbana akamwendea mtumishi mmoja, naye akamwambia apeleke madhabahuni sadaka ya upatanisho, Sh 300,000, jambo liishe. Akakopa, akatoa. Kikundi hakijui lolote mpaka leo, na yeye kila usiku anapiga magoti kuitubu dhambi ileile. Anauliza: "Je, nilitoa kidogo?"

Hapana, kaka. Hukutoa kidogo. Pale hukutakiwa kutoa chochote, na pale unapotakiwa kutoa hujafika bado.

Najua maneno haya yanawaudhi wengine. Nimeshaitwa mpinga watumishi kwa ajili yake. Lakini anayemuuzia mwenye dhambi kitu ambacho Mungu amekitoa bure anamwibia fedha yake na anamwibia Injili pia. Siwezi kulinyamazia hilo.

Tuanze na Mambo ya Walawi 16, sura ambayo wengi huiruka kwa kuona ni mambo ya damu na mbuzi tu. Siku ya Upatanisho ilikuwa siku ya 10 ya mwezi wa 7. Haruni, kuhani mkuu, alioga, akaacha mavazi yake ya fahari, akavaa kitani tupu: kanzu, suruali, mshipi na kilemba. Kwanza alimchinja ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, maana hata aliyewafanyia wengine upatanisho alikuwa na deni lake. Akachukua chetezo kilichojaa makaa ya moto kutoka madhabahuni, na konzi mbili za uvumba uliopondwa laini, akaingia ndani ya pazia. Moshi wa uvumba ukakifunika kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, asije akafa. Ndipo akainyunyiza damu kwa kidole chake juu ya kiti cha rehema upande wa mashariki, na mbele yake mara 7. Akatoka, na kati ya mbuzi wawili wa watu waliopigiwa kura, akamchinja yule aliyeangukiwa na kura ya Bwana, akarudi ndani na damu yake akafanya vivyo hivyo. Mbuzi wa pili hakuchinjwa. Haruni aliweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi huyo, akaungama juu yake uovu wote wa wana wa Israeli, kisha akampeleka jangwani kwa mkono wa mtu aliye tayari.

Mbuzi hao wawili ni somo moja. Wa kwanza anaonyesha kuwa dhambi imelipiwa kwa uhai. Wa pili anaonyesha kuwa imebebwa na kupelekwa mbali. Ukihubiri wa kwanza peke yake, utapata Wakristo wanaojua kabisa kwamba Yesu alikufa kwa ajili yao, lakini kila asubuhi wanarudi kuitafuta dhambi pale walipoiacha jana.

Na watu wenyewe walifanya nini siku ile? Soma mstari wa 29 mpaka 31. Walizitesa nafsi zao na hawakufanya kazi yoyote. Hawakuona damu ikinyunyizwa nyuma ya pazia. Walitegemea kwamba kuhani ameingia, amefanya, na Mungu amepokea.

Hapa yupo atakayenikumbusha Kutoka 30, na ana haki ya kuuliza. Watu walipohesabiwa, kila mwenye umri wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli, nayo inaitwa fedha ya upatanisho. Sasa endelea mpaka mstari wa 15: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Kilikuwa kiwango kimoja kwa wote, kikatumika kwa huduma ya hema ya kukutania. Linganisha na huyu aliyepangiwa Sh 300,000 kulingana na uzito wa kosa lake. Tena Petro, yule yule aliyeulizwa katika Mathayo 17 na watoza kodi ya hekalu, yaani nusu shekeli ile, ndiye aliyeandika katika waraka wake wa kwanza kwamba hatukukombolewa kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo, kama ya mwana-kondoo asiye na ila wala waa. Aliijua nusu shekeli vizuri kuliko sisi, na hakuirudisha.

Waraka kwa Waebrania unaumaliza ubishi. Makuhani wa kale walisimama kila siku wakitoa dhabihu zile zile. Kristo alitoa moja, akaketi mkono wa kuume wa Mungu. Paulo naye anasema Mungu mwenyewe ndiye aliyemweka Yesu awe upatanisho kwa njia ya imani katika damu yake. Aliyekosewa ndiye aliyetoa dhabihu. Hakuna dini nyingine ya kukisia hilo, na hakuna bahasha inayoweza kuongezwa juu yake bila kumtukana aliyekwisha kulipa.

Kuamini, basi, ni kuikubali hukumu ya Mungu juu ya dhambi yako pamoja na malipo yake kwa dhambi hiyo hiyo, usiongeze chako. Wengi huipima imani kwa machozi au kwa mwili kusisimka wakati wa maombi. Hivyo vinapanda na kushuka. Usiku ukilala vibaya vinatoweka, nawe unadhani msamaha umeondoka navyo. Fanya hivi: itaje dhambi kwa Mungu kwa jina lake. Usiseme "nimeteleza" wala "nilipitia changamoto ya kifedha". Sema, "Niliiba Sh 640,000 za wenzangu na nikaandika uongo daftarini." Soma kwa sauti 1 Yohana 1:8 mpaka 2:2. Shukuru. Kesho mashitaka yakirudi, usianze toba upya. Rudia shukrani na usome tena. Mungu anayesamehe kwa kuwa ni mwaminifu na wa haki hadai deni mara mbili.

Lakini kwa ndugu huyu kuna jambo la pili, na hili ndilo linalomnyima usingizi. Anadhani anatubu wizi wa zamani. Kumbe kila kikundi kinapokutana anafungua daftari la uongo, anasoma salio la uongo, anatia sahihi. Dhambi yake bado inaendelea, ina siku yake ya wiki. Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa aziungamaye dhambi na kuziacha, na daftari lile bado hajaliacha.

Sheria ya Musa ilipanga jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Mambo ya Walawi 6:1-7: aliyemdhulumu mwenzake anarudisha kitu chote kamili, anaongeza sehemu ya tano, na anampa mwenye mali siku ile ile anayoleta dhabihu yake ya hatia. Kondoo dume alikwenda kwa kuhani. Mali ilikwenda kwa mwenyewe. Ni katika Hesabu 5:8 tu, pale aliyedhulumiwa hayupo na hana jamaa wa karibu wa kupokea, ndipo fidia inapokwenda kwa kuhani. Wana VICOBA wako hai, kaka. Tena angalia tofauti: mwizi aliyekutwa na mnyama mkononi alilipa mara mbili, na akiwa amekwisha kumchinja au kumuuza, kondoo wanne kwa mmoja, ng'ombe watano kwa mmoja. Anayejileta mwenyewe aliongezewa sehemu ya tano tu. Mungu aliufanya mlango wa kuungama uwe mpana.

Zakayo, yule mtoza ushuru, alijichagulia kile kiwango kizito, mara nne. Ila angalia mpangilio wa Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Rehema iliingia kwanza, mifuko ikafunguka baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utatengeneza ama mtu anayejilipia wokovu, ama mtu anayeimba neema huku amekalia mali ya wenzake, na wote wawili nimechoka kuwaona wakisifiwa makanisani.

Sasa hatua zenyewe. Chukua daftari la kweli, hata kama ni karatasi unayoiandika leo, uandike kila kiasi na tarehe yake kadiri unavyokumbuka. Pasipo uhakika, andika kiasi kikubwa zaidi. Jumla Sh 640,000. Sehemu ya tano ni Sh 128,000. Zote Sh 768,000. Kanisa haliko chini ya sheria ile kama hukumu, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kama katiba ya kikundi ina faini yake, katiba ndiyo itakayofuatwa.

Mtafute mtu mmoja aliyekomaa katika imani, anayejua kutunza siri, umweleze yote, uende naye kwa mwenyekiti. Usiende peke yako mbele ya wanachama wote siku ya kwanza. Watu waliopoteza akiba ya watoto wao wanaweza kupandwa na hasira kabla hujamaliza sentensi, na mwenyekiti ndiye anayejua namna ya kuwaandaa. Wala usianze na ushuhuda kanisani. Wenye fedha wasisikie kwa majirani kwamba wameibiwa na kwamba mwizi ameshapigiwa vigelegele.

Kwa mwenyekiti sema kiasi, muda, na namna ulivyoficha. Kabidhi daftari siku hiyo hiyo, na kama wewe ni mmoja wa wanaoshika funguo za sanduku, kabidhi ufunguo. Usiseme "kama niliwakosea" wala "shetani alinipitia". Mwenzi wako ajue kabla ya kikao. Fedha za kulipa zitatoka nyumbani kwake pia. Pendekeza malipo unayoyaweza kweli: Sh 64,000 kwa mwezi zitamaliza deni lote ndani ya miezi 12. Yaandikwe, yasainiwe, na kila malipo yawe na risiti. Mara nyingi mambo huharibika hapa. Mtu kwa bidii ya toba anaahidi Sh 200,000 kwa mwezi, anashindwa mwezi wa tatu, na wenzake wanaona wameibiwa tena. Kosa jingine ni kukopa kwenye mitandao ya mikopo ili ulipe haraka. Riba itakurudisha sandukuni.

Usidai msamaha wao siku hiyo. Omba, kisha nyamaza. Wakitaka kukuondoa kikundini au kupeleka jambo polisi, hiyo ni haki yao, na msalaba haujaifuta. Nabii Nathani alimwambia Mfalme Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika pumzi ile ile akamtajia matokeo yatakayobaki. Na katika kuungama kwako usiburuze jina la mtu mwingine. Ungama lako.

Kanda yetu si ngeni kwa mambo haya. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, kuelekea miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani. Kilichowatuma ni ujumbe wa damu ya Kristo. Waliamini wamesafishwa, ndiyo maana hawakuogopa kuonekana walivyokuwa. Natamani tuwe na hilo tena, kuliko foleni za bahasha.

Ndugu yangu aliuliza mawili mengine mwishoni. Zile Sh 300,000 azidai? Aombe mara moja, kwa upole, akiwa na yule mtu aliyekomaa aliyekwenda naye kwa mwenyekiti, aeleze kwamba ana wadai. Wakirudisha, ziende zote kulipa mkopo alioukopa. Wakikataa, asianzishe vita; deni la kikundi halipungui kwa sababu hiyo, na nguvu zake zinahitajika huko.

La pili: anaruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana wakati bado analipa? Mathayo 5:24 inamwambia aache sadaka yake, aende akapatane kwanza na ndugu yake. Kwa hiyo aende kwa mwenyekiti wiki hii, kabla ya Jumapili. Akishaungama na kuanza kulipa, asisubiri miezi 12. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate na kukinywea kikombe. Aende mezani na deni lake la Sh 768,000 likiwa limeandikwa na kusainiwa, maana deni lile jingine, ambalo asingeweza kulilipa kamwe, halipo tena.