Muziki Gani Uusikilize Ukisoma Hesabu?

Wanafunzi wengi ninaowafundisha twisheni ya hesabu hapa Mtwara hupenda kusoma hedifoni zikiwa masikioni, na swali huja kila muhula: mwalimu, kwenye hesabu tuweke nyimbo gani? Nalipenda swali hili. Mimi mwenyewe nimesoma hesabu muziki ukiwa karibu tangu sekondari, na jibu langu ni kwamba uangalie kwanza kazi iliyo mezani, ladha yako ije baadaye.

Chukua 47 mara 6. Kichwani unasema: sita mara saba, arobaini na mbili, andika mbili, shika nne. Hiyo nne bado haijaandikwa popote. Umeishika kwa sauti ya ndani, unairudia kimyakimya mpaka umalize sita mara nne na kuijumlisha. Wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza mwaka 1974 jinsi akili inavyohifadhi mambo kwa muda mfupi wakati inafanya kazi, na sauti hiyo ya ndani ni sehemu ya maelezo yao. Sasa mwimbaji wa bongo fleva akikuimbia maneno unayoyaelewa, yanagombea nafasi ileile ya nne yako. Ukirudi kwenye daftari, hukumbuki ulishika ngapi.

Kwa hiyo mada mpya isome kimya. Logarithimu siku ya kwanza, trigonometria siku ya kwanza, kimya. Na yale maswali ya maelezo, ya mkulima aliyeuza kilo kadhaa za korosho na faida yake ni asilimia ngapi, usiyafanye kabisa na wimbo wenye maneno. Huwezi kusoma sentensi moja huku unasikiliza nyingine.

Hapo huwa naambiwa, “Basi mwalimu, tuweke za Kilingala, maana hatuelewi hata neno.” Wengi huamini hivyo, na rumba tunaipenda sana huku kwetu. Lakini Colle na Welsh wa Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1976, waliwapa watu orodha za herufi wazikumbuke huku wakisikia maandishi ya Kijerumani yakisomwa, lugha wasiyoielewa. Walikosea zaidi kuliko walipokuwa kwenye ukimya. Kinachosumbua ni sauti inayobadilika kila mara, hata kama haina maana kwako. Na usijitetee kwamba wimbo unaupenda: mwaka 2011 Nick Perham na Joanne Vizard walionyesha kwamba muziki unaopendwa na usiopendwa yote miwili ilivuruga kazi ya kukumbuka vitu kwa mpangilio.

Muziki una nafasi yake pale ambapo mada umeshaielewa na umebaki na maswali mengi ya mtindo mmoja, au unachora grafu kwa rula. Hapo adui ni uchovu. Chagua gitaa tupu, marimba au kinanda, mapigo ya wastani, sauti ya chini. Sindimba, pamoja na mapenzi yangu yote kwa ngoma hii ya Wamakonde, siiweki: ngoma zake zinabadilika, zinaitana, na kiuno hakitulii kwenye kiti. Sebene nayo ina gitaa tamu, ila kuna yule anayepaza sauti katikati kuhamasisha wachezaji. Panga orodha kabla hujakaa, pakua nyimbo, kisha zima data ili matangazo yasikukatize. Mlioko bweni, najua simu hairuhusiwi. Haya yawafae likizo.

Jambo linalotusumbua zaidi Mtwara ni muziki ambao hukuuchagua. Mauzo ya korosho huanza Oktoba, pesa inaingia mitaani, jirani anatoa spika nje na singeli inapigwa mpaka usiku, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Usishindane na spika ile kwa kuongeza wimbo wako. Tafuta sauti isiyobadilika: feni, au mvua iliyorekodiwa, ukiiweka kwa kiasi cha kufifisha maneno tu. Karibu na bahari, Shangani kwa mfano, mawimbi yanatosha, na nimewahi kusomea kule mchana mzima kwa raha.

Kuna pia habari iliyosambaa kwamba muziki wa Mozart unaongeza akili. Ilianzia Marekani mwaka 1993. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza sonata yake ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya maumbo, kwa muda usiozidi robo saa hivi. Waliisikiliza kabla ya maswali. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walionyesha kuwa sababu ni uchangamfu na hali nzuri ya moyo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: wimbo wako unaoupenda kuliko yote, bongo fleva au singeli, upige unapopanga madaftari, ucheze ukitaka. Kisha uzime, ukae.

Ikifika Septemba, anza kujizoesha ukimya, maana mtihani wa Hisabati huchukua muda wa saa 3 na chumbani hakuna hedifoni. Fanya karatasi nzima ya mwaka uliopita, saa ikiwa mezani, halafu isahihishe siku hiyohiyo kabla hujasahau ulikuwa unafikiria nini kwenye kila swali.