Mwanangu aliamka hanijui

SWALI: Dada muuguzi, mwanangu ana miaka 4. Mwaka jana alikatwa mafindofindo. Alipozinduka alipiga mayowe, akang'oa sindano ya mkononi, akanitazama kama mgeni. Sasa ana ngiri na anarudi kupasuliwa. Niombe apewe dawa ya kumtuliza? – Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama. Nimekaa miaka 19 katika chumba cha kuzindukia hapa Nakuru na macho hayo nayajua: yako wazi, lakini yanampita mama yake na kwenda kuganda ukutani. Hakukusahau. Mwili umeamka, ubongo bado uko njiani. Hali hii huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, hasa waliolazwa kwa sevoflureni, ile dawa ya kuvuta kwa barakoa, na upasuaji wa koo huzidisha. Mara nyingi huisha ndani ya robo saa, na mtoto hakumbuki kitu. Anayekwambia ni utundu hakutendei haki, hata akiwa muuguzi mwenzangu.

Kwa hiyo sema, tena mapema, mtakapoonana na daktari wa nusukaputi, yule anayemlaza mtoto kwa upasuaji. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ile sindano. Anaweza kumpa propofoli kidogo, dawa ya usingizi ya mshipani, upasuaji unapomalizika, au deksmedetomidini, ambayo hutuliza na kupunguza maumivu pia. Hii ya pili hushusha mapigo ya moyo na huweza kumchelewesha kuamka, ndiyo maana kipimo hupangwa na daktari huyo mwenyewe, na mashine ya kufuatilia moyo ikiwa imeunganishwa. Midazolamu ya kunywa kabla ya kuingia huondoa hofu, ila usiitegemee peke yake kwa vurugu za baadaye. Nyumbani usimpe chochote cha kumlaza, hata dawa ya mafua.

Uliza pia kuhusu ganzi. Kwa ngiri huchomwa akiwa amelala, aamke bila maumivu, kwani mtoto mwenye maumivu naye hupigana hivyo hivyo. Nasi akianza fujo, kabla ya dawa yoyote tunaangalia oksijeni kidoleni.

Beba soksi ndefu. Mimi huivuta juu ya mkono wenye sindano, juu ya bandeji, kabla mtoto hajafumbua macho. Wakikuruhusu kuingia, mwite kwa jina la nyumbani, polepole, bila kumtikisa.