Je, sindano ya kipimo husambaza saratani ya titi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimeolewa na Mmarekani mweusi, tunaishi Atlanta. Wifi yangu, miaka 37, ana uvimbe kwenye titi, mwezi wa tatu sasa. Hauumi. Kliniki wanataka kumchoma sindano wachukue kinyama, amekataa: shangazi yao alichomwa hivyo, akafa mwaka huohuo. Sasa anakunywa majani ya mstafeli. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba. Kila wiki naletewa shangazi wa namna hiyo. Mara ni mama, mara jirani wa kanisani, kisa ni kilekile: waligusa na chuma, hewa ikaingia, kansa ikatapakaa. Ukiuliza marehemu alikaa na uvimbe muda gani kabla ya kwenda hospitali, watu wanatazamana. Mwaka. Miwili. Basi ugonjwa ulishafika kwenye mifupa kabla pakiti ya sindano haijafunguliwa.

Ni kweli, mara chache seli huvutwa kwenye njia ya sindano. Lakini haijaonekana kumfupishia mgonjwa maisha, na eneo hilo hushughulikiwa baadaye kwa upasuaji au mionzi.

Wanawake weusi wa Marekani hawaugui saratani ya titi zaidi ya weupe, idadi yao ni pungufu kidogo hata. Vifo vyao ndivyo vilivyo juu, kwa takriban asilimia 40, na kwa walio chini ya miaka 50 ni kama mara mbili. Katika sababu, kukosa bima na kucheleweshwa vimo. Imo pia aina iitwayo hasi tatu, inayowapata mara mbili zaidi, wengi wao wakiwa bado vijana. Haina vipokezi vya homoni za estrojeni wala projesteroni, wala protini ya HER2 kwa wingi, kwa hiyo tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, haiigusi. Inakua haraka. Na haitambuliwi kwa kupapasa wala kwa mamogramu (eksirei ya titi), mpaka kinyama kifike maabara. Bila jibu hilo daktari ataanza na dawa gani?

Simcheki wifi yako kwa kutoamini hospitali. Pale Tuskegee, Alabama, wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu na watafiti wa serikali tangu 1932 hadi 1972; hata penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Wanaonikera ni wanaolifanya jeraha hilo duka: unga wa mstafeli kwenye vichupa, malhamu nyeusi inayochoma ngozi huku uvimbe ukibaki chini. Hao hawamwulizi mteja uvimbe una miezi mingapi.

Wengine mnaosoma, msichanganye mambo. Ushauri wa Marekani wa 2024 wa mamogramu kila miaka miwili kuanzia 40 ni kwa asiye na dalili. Mwenye uvimbe hasubiri umri, wala hasubiri uvimbe uanze kumuuma. Aombe mamogramu ya uchunguzi wa dalili pamoja na ultrasaundi. Sindano yenyewe huchomwa kwa ganzi, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Asiye na bima aulizie mpango wa CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa saratani ya titi na mlango wa kizazi.

Na huyo shangazi mumtaje kliniki, pamoja na umri aliougua. Watu huhesabu upande wa mama tu, ilhali jeni za BRCA, ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi, hupita kwa baba vilevile. Kama aliugua kabla ya miaka 50, wifi yako aulizie kipimo cha jeni hizo.