"Wameshamaliza redioni": je, utafiti wa maoni hubadili kura?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza mchele soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mwaka 2015, kama mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, redio ilitangaza utafiti kwamba mgombea mmoja wa urais anaongoza kwa mbali. Siku ya kura kaka yangu hakutoka nyumbani. Alisema, "Wameshamaliza redioni, nikapange foleni ya nini?" Je, ni kweli tafiti hizi hubadili kura za watu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na jina, maana linachanganya. Kwetu "kura za maoni" ni zile za ndani ya chama, wanachama wanapochuja wagombea. Unachoulizia wewe ni utafiti wa maoni: watu wachache wanaulizwa wangempa nani kura kama uchaguzi ungekuwa leo, na majibu yao yanachukuliwa kuwa picha ya mamilioni.

Ndiyo, zinaweza kubadili kura. Wengi hudhani madhara yake ni watu kufuata upepo tu. Wapo wanaofuata upepo kweli, na wapo wanaomwonea huruma anayeachwa nyuma wakamwongezea kura, kwa hiyo pande hizo hupunguzana nguvu. Linaloniumiza mimi ni hilo la kaka yako, la kubaki nyumbani.

Ufaransa kuna mfano mzuri. Baadhi ya maeneo yake ya ng'ambo, kwa sababu ya tofauti ya saa, yalikuwa yakipiga kura huku makadirio ya matokeo ya Ufaransa kwenyewe yameshatangazwa. Kuanzia uchaguzi wa 2007 wakawa wanapiga kura siku moja kabla. Watafiti walipolinganisha vipindi hivyo viwili, waliona kwamba kujua mapema nani ameshinda kulipunguza wapiga kura kwa takriban pointi 11 za asilimia, na waliojitokeza walizidi kumwelemea mshindi.

Sasa turudi 2015. Utafiti wa shirika la Twaweza uliotangazwa Septemba, uliofanywa kwa simu Tanzania Bara, ulimpa Magufuli wa CCM, chama tawala, asilimia 65 na mpinzani wake Lowassa 25. Oktoba 25 ilipofika, matokeo yakawa kama 58 kwa 40. Mshindi walimpatia, lakini pengo la pointi 40 lilishuka hadi 18 hivi. Kwa sampuli ya watu chini kidogo ya 2,000, kosa la bahati nasibu, yaani linalotokana na kuwauliza wachache badala ya wote, ni kama pointi mbili, juu au chini. Halitoshi kueleza tofauti hiyo. Kampeni zilikuwa bado zinaendelea, na watu hubadilika. Tena si kila mhojiwa husema lililo moyoni.

Hilo la mwisho nimeliona kwa macho. Nilipokuwa mdadisi Rungwe, nilimkuta mama mmoja kibarazani anamenya ndizi. Alijibu dodoso vizuri tu mpaka tulipofika kwenye swali la chama. Kisu kikasimama. Akatazama shati langu, lilikuwa la kijani, rangi ya CCM, kisha akamtazama jirani aliyekaa hatua mbili pembeni. "Andika unaloona linafaa, mwanangu." Kuanzia kijiji kilichofuata nilivaa shati jeupe na kuomba tuzungumze faragha. Mtu akishaamini kwamba upande wake umezidiwa, hunyamaza. Ukimya wake ukiingia kwenye utafiti unaofuata, upande huo unaonekana mdogo zaidi ya ulivyo.

Lakini kosa kubwa la kaka yako liko hapa Mbeya. Namba aliyoisikia ilikuwa ya urais, kwa Tanzania Bara nzima. Kituoni angepewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mwaka huohuo majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini yote yalichukuliwa na Chadema, chama kilichomsimamisha Lowassa. Hakuna asilimia ya taifa ingeweza kumwambia hilo, sembuse la kata yake.

Mkisikia namba tena, ulizeni: watu waliulizwa lini, wangapi, wapi, swali lenyewe lilisemaje, na nani aliyelipia utafiti. Tangazo likikosa majibu hayo, msiliache liamue mtu atoke au abaki. Na mwulize kaka, kwa upole tu, kama anajua diwani wa kata yenu alishinda kwa kura ngapi.