Maswali Yenu: Mshale Unaelekea Tumboni

Wadau, mwezi huu maswali mengi yaliyokuja ni ya baiolojia, na karibu yote yanaangukia ile topiki ya ikolojia. Nimechukua matatu. La kwanza limenigusa sana, nimelijibu kwa kirefu, mtanivumilia.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha baiolojia kidato cha kwanza na cha pili, shule ya kata huku Ukerewe. Maabara hatuna, projekta hatuna, kitabu kimoja wanakaa watoto wanne. Nikifika kwenye ikolojia naandika notsi ubaoni wananakili, nikiuliza wananiimbia wazalishaji, walaji, waozeshaji kama kwaya, ila nikisema nipe mfano wote ni nyasi, swala, simba, na humu darasani hakuna aliyewahi kumuona simba. Alafu mtihani ni wa Kiingereza. Nifanyeje? (Mwalimu, Ukerewe)

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole na kazi, najua unachokisema maana nimepitia hukohuko.

Simba muweke pembeni kwanza. Wewe umekaa katikati ya Ziwa Victoria, yani ukifungua dirisha la darasa unaiona maabara ambayo watu wametoka mbali kuifuata, kuna watafiti wa Uholanzi kutoka Leiden walianza mwaka 1977 kuvua na kupima furu hapo ghuba ya Mwanza tu, wakakaa miaka na miaka. Furu! Hao samaki wadogo ambao watoto wako wakiwaona kwenye nyavu hawawashangai. Wanasayansi wanakadiria ziwa lilikuwa na aina kama 500 za furu, na ukiwapanga wanafanana mpaka uchoke, ila kila aina ina mdomo na meno ya kazi yake, huyu anavunja konokono, huyu anakwangua mwani kwenye mawe, huyu anakula tope la chini, huyu anakula vifaranga vya furu wenzake. Hapo hapo umeshafundisha bioanuwai, yani wingi wa aina za viumbe, bila kutaja hilo neno.

Alafu muingize sangara. Hakuwa wa ziwa letu, aliletwa na kupandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Miaka kama ishirini akawa yupo yupo tu, ilipofika miaka ya 1980 akalipuka, na furu wakaporomoka, inakadiriwa aina kama 200 zilipotea. Sasa usiwaambie watoto kilichofuata. Waulize. Kama wale waliokuwa wanakula mwani wameliwa, mwani utakuwaje? Kama furu wameisha, sangara atakula nini? Utashangaa majibu, maana hawa ni watoto wa wavuvi, wanajua vitu vingi ila hakuna aliyewaambia kwamba wanachojua ndo baiolojia yenyewe. Ukweli ni kwamba sangara aligeukia uduvi na dagaa na hata watoto wake mwenyewe, na dagaa nao wakaongezeka kwa sababu wengi waliokuwa wanagombania nao chakula walishaondoka.

Ila usimtupie sangara lawama zote, hapo walimu wengi tunakosea. Udongo na mbolea kutoka mashambani na maji taka ya miji yalilirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani ukazidi, maji yakawa ya kijani huoni mbali. Furu jike anachagua dume kwa rangi, kuna wekundu kuna wa bluu, sasa maji yakishakuwa na ukungu rangi hazionekani, anachanganya, aina mbili zinazaliana zinakuwa moja. Aina inapotea bila hata mmoja kuliwa. Mimi nilipoelewa hilo nilikaa kimya kwa muda.

Na kuna kipande kimoja watoto wanakipenda sana. Furu na dagaa unawaanika juani wanakauka, sangara ana mafuta mengi, juani hakauki vizuri, inabidi akaangwe au abanikwe kwa moshi. Moshi ni kuni. Kuni ni miti. Kwahiyo samaki aliyewekwa majini akaenda kula msitu nchi kavu. Chora mshale huo ubaoni kutoka kwenye ziwa mpaka mlimani uone darasa litakavyochangamka, na wataje wenyewe viwanda vya minofu, ada zilizolipwa kwa sangara, bei ya mabondo (vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara), yote hayo ni sehemu ya mfumo, binadamu naye yumo humo ndani hajakaa nje anaangalia.

Sasa kwa vitendo. Siku ya kwanza nenda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na darasa asubuhi mitumbwi inaporudi, waombe kina mama wanaopasua samaki wakupe matumbo ya sangara, watatu wanne wanatosha, wadogo kwa wakubwa. Weka kwenye karai, wembe, maji, ndimu ya kunawia mikono. Fungua tumbo taratibu mbele yao. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta uduvi wamejaa kama kijiko cha uji mwekundu, na kwenye tumbo la mkubwa tukakuta kisangara kizima, macho bado yanang'aa, mtoto mmoja akasema "mwalimu, kamla mdogo wake". Nikawaambia andikeni hiyo. Hapo ndipo ufundishe mshale wa mnyororo wa chakula, ule wa kuonyesha nani anamla nani. Watoto karibu wote wanachora mshale kinyume, kutoka kwa mlaji kwenda kwa anayeliwa, kwa sababu wanafikiria nani anamfukuza nani. Waambie mshale ni chakula kinasafiri, unaelekea tumboni. Waliofungua lile tumbo hawakosei tena, na kwenye mtihani hiyo ni maksi ya bure.

Siku ya pili chukua ndoo ya lita 10. Hiyo ndoo ni mwani wote. Mtoto wa kwanza, yeye ni uduvi, mpimie lita moja tu. Wa pili ni furu, mpe desilita moja kutoka kwenye ile lita. Wa tatu ni sangara, kutoka kwenye desilita mpe vijiko viwili vya chai. Kwa wastani ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nishati inayopanda ngazi, nyingine imeishia kwenye kupumua, kuogelea, joto, na kinyesi. Maji yaliyobaki usimwage, mwagilieni miche. Alafu uliza kwa nini ziwani sangara hawawezi kuwa wengi kuliko dagaa, na unyamaze. Usijibu. Mimi nilikuwa na tabia ya kujijibu mwenyewe nikiona kimya, nikajifunza kuhesabu mpaka ishirini kimoyomoyo, na karibu kila mara kuna mkono unanyooka ikifika kumi na kitu.

Kuhusu kiwanja cha shule, kamba ya katani na vigingi vinne, pimeni mita moja kwa mita moja, kundi moja uwanja wa mpira na lingine chini ya mwembe, kipindi kimoja kinatosha, waorodheshe kila kinachoishi humo hata kama hawakijui jina, wakichore tu. Jongoo, siafu, uyoga, mchwa chini ya jani. Wale waozeshaji wa kwenye wimbo watakutana nao hapo uso kwa uso.

Na Kiingereza, fundisha kwa Kiswahili mpaka kieleweke, hata Kikerewe kikisaidia kitumie, alafu dakika kumi za mwisho ndo unabandika majina ya Kiingereza juu ya vitu ambavyo tayari wameshavishika. Kuna wenzetu watasema unavunja utaratibu. Mimi nasema neno geni juu ya kitu unachokijua linakaa, neno geni juu ya kitu kigeni linaondoka na mtihani.

Kitu kimoja nisisahau, wape kazi ya nyumbani wakaulize bibi na babu majina ya samaki wa zamani. Nilipokuwa nafundisha kusini mwa ziwa binti mmoja alirudi na ukurasa mzima, mengine hata wavuvi wa sasa hawayajui, akasema bibi yake alikuwa anayataja huku anahesabu kwa vidole na kuna mawili alishindwa kuelezea samaki mwenyewe alikuwaje, limebaki jina. Na habari njema pia waambie, sangara alipoanza kuvuliwa sana kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kuonekana tena.

SWALI: Shikamoo. Nipo kidato cha tatu, Morogoro. Tulifundishwa kuhusu chura wa Kihansi, nikamuelezea baba akasema hela zote zile kwa ajili ya chura wa kukaa kwenye kucha, si bora wangejenga zahanati. Nilikosa jibu. (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako hajakosea kuuliza, swali lake liliulizwa nchi nzima wakati ule, na usimjibu kwa jeuri.

Mpe habari kamili. Huyo chura alikuja kujulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na dunia nzima hakuwepo pengine popote, eneo lake lote lilikuwa kama hekta mbili, yani ni viwanja vichache vya mpira, sehemu ile ambayo maporomoko yanarusha manyunyu mchana na usiku. Hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa watoto kamili. Wakati anagunduliwa bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa, megawati 180. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, mimea ikabadilika, vyura wakapungua. Wakaweka mabomba ya kurusha manyunyu ya bandia, vyura wakarudi kwa muda, alafu wakaporomoka ghafla na ugonjwa wa fangasi wa ngozi ukakutwa humo. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini.

Waliookoa aina hiyo ni wale vyura kama 500 waliopelekwa Marekani mapema, bustani ya wanyama ya Bronx. Wakazalishwa huko, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 wengine wakaachiwa tena kwenye korongo lao. Na umeme wa Kihansi bado unazalishwa, mwambie baba hilo hasa, maana wengi wanadhani ilikuwa lazima kuchagua kimoja.

Kuhusu zahanati, mimi mwenyewe nataka zahanati. Ila gharama kubwa ilikuja kwa sababu watu walichunguza korongo wakiwa wamechelewa, bwawa limeshaanza. Kumtafuta kiumbe kabla ya kuchimba ni bei ndogo, kumfufua baadae ndo kunakula hela. Muulize baba kama angenunua kiwanja bila kukipima.

SWALI: Mwalimu, mwanangu yupo darasa la sita hapa Tanga, kila Jumatano mwalimu wao anawapeleka mikokoni, anarudi matope mpaka masikioni, sare haitakati. Nimemuuliza wamesoma nini anasema "tumelamba majani". Hii ni elimu kweli? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, pole na kufua, matope yale ni meusi na yana harufu yake, nayajua. Ila huyo mwalimu mshikilieni asihamishwe.

Majani waliyolamba ni ya mchu. Ule mti unakunywa maji ya chumvi na chumvi inayozidi unaitoa kwenye majani, ukiangalia vizuri jani limepigwa kama vumbi jeupe, ukigusa kwa ulimi ni chumvi kabisa. Mtoto aliyelamba lile jani hatahitaji kukariri jinsi mmea unavyoishi baharini. Kesho muulize na mizizi yake inayochomoza juu kama penseli zimepandwa kwenye tope, atakwambia ni ya kupumulia, maana kwenye tope lile hewa hakuna. Na mkoko wenyewe mbegu yake inachipua ikiwa bado imening'inia mtini, ndefu kama rula, ikidondoka inachoma tope au inaelea kwenda kuota mbali. Kaa wanaburuta majani yaliyoanguka mpaka kwenye mashimo yao, yakioza yanalisha vijidudu, vijidudu vinalisha kamba wadogo waliojificha kwenye mizizi, na kamba ndo huyo unamnunua sokoni Ijumaa kwa bei ya kuumiza.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, toka 2013 wanalinda mikoko yao na kulipwa kwa ajili ya hewa ukaa inayohifadhiwa humo, hela imesaidia maji na shule kijijini. Kwahiyo sio mchezo wa matope tu.

Ninachokuomba, ongea na mwalimu msikie ratiba yake ya maji, watoto wawe nje kabla maji hayajaanza kujaa, na wavae viatu vya zamani maana chaza na vipande vya chupa vinakata. Sare muachie Jumatano abaki nayo kwenye begi, mwalimu ampe ruhusa avae tisheti na kaptula ya kushindia. Tope likishakauka lipukute kwanza kabla hujaloweka, inatoka.