Kabla hujauza kiwanja ukasome akili mnemba, soma hapa

Simama hapohapo, dogo. Unauza kiwanja cha urithi ukalipie kozi ya miezi sita kwa sababu jamaa wa chuo kakuambia ajira za akili mnemba ziko nje nje? Hayo maneno nayajua mpaka harufu yake.

Mwaka 2013 kwetu Mtwara neno lilikuwa gesi. Bomba la kwenda Dar linajengwa, kodi za nyumba zimepaa, kila kijiwe kinasema tunakuwa Dubai. Nikamganda mzee mpaka akauza eka nne za mikorosho, nikaenda Dar kusoma diploma ya mafuta na gesi. Mkufunzi wetu, tai nyekundu kila siku, alituapia kampuni zitatufuata darasani. Aliyenifuata ni mwenye nyumba, na alikuja kubeba godoro.

Miaka miwili nimejifunza kuchora kisima. Naweza kukuchorea kisima cha gesi ukatamani kukitundika sebuleni. Valvu sikugusa hata moja! Nikapeleka cheti kwa mkandarasi wa mabomba, msimamizi hakukifungua. Akauliza, "Unachomelea 6G?" Nikadhani anauliza mtandao wa simu. Kumbe ni mtihani: bomba linafungwa limeinama nyuzi 45, haligeuzwi, unalizunguka wewe na moto wako mpaka chini ya tumbo lake. Aliyeitwa ndani siku ile ni kijana wa darasa la saba, fundi wa mageti mtaani.

Na pipa la mafuta, lililokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014, Januari 2016 likawa chini ya 30. Kampuni zikakunja majamvi. Kiwanda cha gesi cha Lindi, ambacho ndicho tulichosomea, kikabaki mazungumzo mwaka baada ya mwaka.

Hayo yote nimeyasamehe. Kisicholala ni msimu wa 2017, korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ilitangazwa redioni tukiwa tunakula. Mzee hakusema kitu. Aliongeza sauti tu.

Leo nachomelea. Nilianza kwa kumshikia fundi vyuma bure, VETA, chuo cha ufundi, nikaenda baadaye. Kwa hiyo nisikilize: usitoe hata senti kabla hujakaa na mtu aliyeajiriwa mwaka huu kwa cheti hichohicho, akakuonyesha anachofanya asubuhi hadi jioni. Picha ya kwenye bango haihesabiki. Huenda ukamkuta anashinda kwenye Excel akisafisha orodha za wateja, na hiyo unajifunza bila kuuza hata tofali.

Mambo ya Kiingereza na laptop gani ununue tutaongea siku nyingine. Leo wapigie hao chuo, waombe mtu mmoja tu wa namna hiyo. Wakikuunganisha na mkufunzi mwenye tai, kata simu.