Mama abaki Ngamiani

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma, na nimeona ndugu walivyoushangilia. Kwa wasiokuwemo kundini: mdogo wangu anataka mama yetu, aliyevuka miaka sabini, nimchukue aje kuishi nami Leicester, Uingereza, kwa kuwa "huko wazee wanatunzwa na serikali". Hilo likishindikana, nyumba ya Ngamiani, Tanga mjini, iuzwe, mama ajengewe ya kisasa Kange, pembezoni mwa mji, yenye ukuta na geti, apumzike. Najibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kila mara kuna mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja ananiuliza hilohilo, na nimechoka kulijibu kwa upole.

Nani kawaambia wazee wa huku wanatunzwa na serikali? Matibabu ni bure, kweli. Pensheni ipo, basi wanapanda bila nauli, vifaa vya kusikilizia wanapewa bila kulipa. Hayo siyakatai, na natamani mama angekuwa nayo. Lakini mzee wa Uingereza akishindwa kujihudumia na akawa na mali inayozidi pauni 23,250, makao ya wazee analipia mwenyewe, na kama aliishi peke yake hata nyumba yake inahesabiwa humo. Nyumba aliyoilipia mkopo ujana wake wote inauzwa ili alelewe kwa hela yake. Nawahudumia watu ambao wanaogopa hilo kuliko kifo.

Na huyo ni mwenyeji. Mama yetu ana sheria nyingine. Tangu Julai 2012 mzazi haletwi huku kwa sababu mwanawe anamtaka. Lazima uthibitishe kwamba hawezi tena mambo ya kila siku, kuoga, kuvaa, kupika, na kwamba huko aliko hakuna wa kumhudumia, hata kwa hela utakayotuma wewe. Rudia kusoma hapo. Mimi natuma hela, binti wa kumsaidia yupo, basi ombi limekufa kabla sijalipeleka. Ada yake inazidi pauni 3,000 na ukikataliwa hairudi. Ukikubaliwa, unatia sahihi kwamba utamlisha na kumlaza mwenyewe miaka 5 bila kugusa msaada wa serikali. Ndiyo hiyo serikali mnayonitajia.

Niache makaratasi, maana hata wangenipa viza kesho nisingemleta. Kazi yangu mnaijua, hata kama mkiulizwa mnasema dada anafanya kazi hospitali. Nafanya kazi ya kea. Nazunguka nyumba kwa nyumba, naogesha wazee, nawavalisha, nawapa dawa. Nyumba moja nimepangiwa nusu saa, na simu ya kazini inahesabu tangu ninapoingia mlangoni. Yuko mzee mmoja, mkewe alishafariki, ujana wake wote aliufanyia kazi kiwanda cha soksi. Asubuhi namkuta ameshakaa kitini, runinga inawaka bila sauti. Namwosha, nampaka mafuta miguuni, namtolea vidonge kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba, namchemshia chai. Nikishika koti langu tu, miwani yake haionekani. Tunatafuta chini ya mto, jikoni, bafuni. Siku moja nikaikuta ndani ya kopo la biskuti, chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa. Yule hana tatizo la kusahau. Timu yake ilifunga nani na mwaka gani, vyote anavyo kichwani. Anaificha ili nikae dakika tano zaidi. Nami huitafuta kila pembe hata nikijua ilipo, kisha nafika nyumba ya pili nimechelewa na nasemwa.

Wapo ambao kwa siku nzima binadamu aliyeongea nao ni mimi tu. Na watoto wao si wabaya. Mmoja kahamia Australia, mwingine yuko mwendo wa saa mbili kwa gari, anapiga simu Jumapili. Nawalaumu vipi? Hao ndio sisi.

Nchi hii iliona hali imefika mbali hadi mwaka 2018 ikateua waziri wa kushughulikia upweke, Tracey Crouch, kufuatia kazi ya tume iliyopewa jina la Jo Cox, mbunge aliyeuawa 2016. Tangu 2013 ipo namba ya bure ya wazee wanaotaka tu mtu wa kuongea naye, inapokelewa hata usiku wa manane. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba unachangia kiharusi, maradhi ya moyo na kufifia kwa akili. Kwa hiyo asije mtu akaniambia mzee akiwa na chakula na dawa basi yuko salama.

Sasa mweke mama hapo. Mimi natoka alfajiri, narudi usiku. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Nakaa ghorofani, jirani wa mlango wa pili jina lake silijui. Kiingereza mama hana. Misikiti ipo, Leicester ina mingi, lakini ataifikiaje kwenye barafu na magoti yale? Leo akiamka Ngamiani, hajanawa uso ameshaulizwa hali na nusu ya barabara. Muuza vitumbua anamwekea vyake dirishani. Mchana anasuka ukili wa mikeka barazani na wenzake. Alasiri watoto wa mtaa wanakuja na juzuu zao, anawasomesha, anawagombeza, anawatuma chumvi dukani. Akichelewa kufungua dirisha, watu wanagonga. Nifanye nini huku nimpatie hayo? Mimi ndiye ninayeuza dakika za kukaa na wazee, na nakwambia hazitoshi.

La Kange ndilo limeniuma zaidi, maana hilo mnaweza kulifanya bila mimi. Ukuta, geti, king'amuzi, na binti wa kazi na simu yake. Nani atatoka Ngamiani mpaka Kange kwenda kusuka ukili? Wiki ya kwanza watakuja wote kumpongeza. Baada ya hapo atabaki na tamthilia za Kituruki. Mtakuwa mmemhamishia Leicester akiwa hapohapo Tanga.

Sisemi Ngamiani ni pepo. Wenzake wanaondoka mmoja mmoja. Tangu amzike shoga yake aliyekua naye, maulidini haendi tena, na sijasikia mmoja wenu akimuuliza kwa nini. Choo kiko uani, usiku anajinyima maji asije akaamka. Na nyie mnaoishi karibu naye mnaingia na kilo ya sukari, mnatazama simu, mnatoka. Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi ndiye wa mbali kuliko wote. Naogesha mama za watu kwa malipo ya saa, wangu anasuguliwa mgongo na binti wa kuajiriwa. Hilo linaniamsha usiku, na sitaki mtu anipoze.

Basi sikiliza. Usimlete. Usimhamishe. Siku akisema kwa mdomo wake kwamba anataka kuja kuniona, nitamkatia tiketi siku hiyohiyo, aje Juni siku zikiwa ndefu, arudi Agosti. Mpigie kila siku. Au acha kupiga, nenda. Nenda mikono mitupu ukae mpaka akufukuze. Muulize unachohitaji kweli kukijua: mpaka wa shamba la Muheza unapita wapi, nani alimkopesha nani, maana yeye ndiye anajua na sisi hatujui. Watoto wa juzuu msiwaondoe eti apumzike. Nikipiga video, mwachieni simu mkononi, kila nikianza kuongea naye inanyakuliwa na wajukuu. Na hela ya matofali ya Kange usiniombe tena. Ukiwa na shida yako mwenyewe niambie, sitakutupa.

Na wewe uliyeniandikia pembeni ukitaka kuja kufanya kea: tangu Julai 2025 viza hizo zimefungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Usimpe hela mtu anayekuambia anayo njia. Zingekuwa wazi ningekuambia njoo, mshahara wa hapa umesomesha watoto wa ukoo mzima. Na palepale ningekuambia baki na mama yako.

Mimi mwenyewe sijui nitazeekea wapi. Pensheni ya huku, ukihamia Tanzania, inaganda palepale ulipohamia nayo, haipandi kila mwaka kama ya anayebaki. Wapo wenzetu wamebaki kwa hesabu hiyo, na sasa ni wazee wa miguu kuvimba, wanaonana kwenye misiba, wajukuu zao Kiswahili hawakisikii. Siku hizi nikiwaona nawakalisha, nawauliza wanakula na nani.

Mwezi huu natuma hela ya choo. Kiwe cha kukaa, ndani ya nyumba, kwenye kile chumba cha mpangaji aliyehama, na vyuma vya kushikia viwe pande zote mbili. Fundi asiweke marumaru za kuteleza. Nitumie picha kabla hajasakafia, na mama mwenyewe aulizwe kimo.